Jina Lililowekewa Nyota

Habari ya kifo cha Mama Amondi niliipata kwa binti yake, ambaye kwa ukoo wao alikwisha kuzikwa miaka mingi kabla ya mama. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mama ametutoka. Mazishi ni Jumamosi. Dada Mghoi, ingia wewe, mimi nitasimama nje." Nilikuwa dukani kwangu Voi nikichambua maharagwe, na mteja mbele yangu alikuwa ameanza kunung'unika kwamba nimemsahau. Nikamwambia anisamehe, nimefiwa. Akaniuliza nimefiwa na nani. Hapo nikakwama, kwa maana marehemu hakuwa ndugu yangu wala jirani, na uso wake nilikuwa nimeuona mara moja tu. "Na mama yake Mariam," nilimjibu mwishowe. Nikaona nimekosea, kisha nikaona sijakosea. Tangu hapo Riyadh imenirudia. Mchana kweupe, nikiwa napima sukari, nasikia mashine ya kupoza hewa ikinguruma juu ya paa na sauti ya mwanamke ikiita kutoka chini ya ngazi, na mwili wangu unataka kuitika.

Ya kwetu Taita nayaacha, hayana jipya. Kila nyumba ilikuwa na msichana aliyekwenda Saudia au anayengoja kwenda, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipelekwa Al-Shumaisi, mtaa wa zamani katikati ya Riyadh, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta mrefu na mlango wa chuma wa kijani. Madam alinipokea jikoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso mzuri uliochoka, na simwiti mbaya, kwa maana chakula alinipa na mkono hakuniinulia. Aliniuliza jina. Nikasema Mghoi. Alijaribu kulitamka, likamshinda, akacheka kidogo, akasema, "Mariam. Wewe Mariam. Kabla yako Mariam, sasa Mariam." Nikamwambia mimi ni Mkristo, nilibatizwa jina jingine kabisa. "Mariam mzuri," akasema, "mama wa Isa," akanipa ufagio. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Msichana anakuja na kwenda, jina linabaki limetundikwa jikoni na aproni, na anayefuata analivaa.

Chumba changu kilikuwa juu ya paa, kando ya mashine ya kufulia. Kitanda, kabati la bati, dirisha dogo. Mariam wa kabla yangu alikuwa amefagiwa humo, lakini hakutoka wote. Bafuni kulikuwa na sapatu za rangi ya waridi, ndogo kuliko mguu wangu. Kwenye komeo la dirisha palifungwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Na ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na doa la mafuta ya kichwa, pale mtu alipozoea kuegemea akikaa peke yake. Nilipokaa na kuegemea vilevile, kichwa changu kilipita juu ya doa lile. Basi alikuwa mfupi kuliko mimi, nikajisemea, na alikaa hapa muda mrefu. Niliogopa kulifuta. Nililala nikilipa mgongo, na asubuhi nilipoamka nilihisi kwamba kuna mtu ananitazama kisogoni bila ubaya wowote, ananisubiri tu nimalize kutumia kitanda chake.

Kazi yangu hasa ilikuwa baba yake madam. Walimwita Dokta, lakini hakuwa wa sindano. Alisomea lugha za kale huko Ulaya ujanani, akarudi kufundisha chuo kikuu mpaka alipostaafu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kushoto na kumwibia kumbukumbu za karibuni. Za zamani zilikuwa zimetulia, kila moja mahali pake. Aliishi katika chumba cha chini chenye mapazia mazito na makochi yaliyozunguka kuta zote. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea chai ya rangi katika bilauri ndogo, na mnanaa juu yake, kama madam alivyonielekeza. Alionja, akaiweka chini. Akanitazama, akasema kwa adabu sana, "Oyawore."

Sinia nusura inidondoke. Mimi si Mjaluo, lakini hakuna Mkenya asiyejua kwamba ndivyo Wajaluo wanavyosalimiana asubuhi. Katika nyumba ya Mwarabu, Riyadh, kutoka kinywani mwa mzee wa kanzu nyeupe! Nikajibu kwa kile kidogo nilichookota shuleni: "Oyawore ahinya, Baba." Uso ukamng'aa. "Hii si chai," akasema sasa kwa Kiingereza, Kiingereza chake cha vitabuni nami nikimjibu kwa changu cha kuungaunga. "Chai inachemshwa pamoja na maziwa na tangawizi mpaka ipande juu. Eos anajua. Eos yuko wapi?" Nikamwambia simjui Eos. "Utamjua," akasema, akafumba macho.

Nikaanza kumchemshia chai ya kwetu, na kwa ajili ya chai hiyo nikawa mwanafunzi wake wa mwisho. Kila asubuhi, baada ya kumnyoosha mkono na kumpaka mafuta, alitaka kuzungumza, na katika nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Madam akipita na kusikia habari za Zeus na Hera alisimama mlangoni akasema, "Baba, sema astaghfirullah." Mzee alisema astaghfirullah, akangoja nyayo zipotee, akaendelea palepale alipoachia. Mimi mwenyewe, mtoto wa shule ya Jumapili, nilikuwa nakemea kimoyomoyo. Mimi na miungu ya Wagiriki, wapi na wapi? Lakini Dokta hakutaka niwaabudu. Alitaka kunieleza walitoka wapi.

"Zamani sana," alisema, "kabla ya Wagiriki kuwa Wagiriki, walikuwako watu wa nyika za kaskazini, wafugaji wa farasi. Hawakujua kuandika. Walitawanyika, wengine wakaenda India, wengine Roma, wengine Ugiriki, na kila kundi likabeba miungu yake mdomoni. Wagiriki wakasema Zeus. Warumi wakasema Jupiter. Wahindi wa kale wakasema Dyaus. Ukiwasimamisha hawa pamoja, unaona wamefanana pua. Wana baba mmoja. Baba Anga, anga la mchana linalong'aa."

"Na huyo baba aliitwaje?" nilimuuliza.

"Dyeus," akasema. Sukari ilikuwa imemwagika kwenye sinia. Akachora ndani yake kwa kidole, kwanza nyota ndogo, kisha herufi. "Lakini mbele yake tunaweka nyota. Nyota ina maana kwamba jina hili hakuna aliyewahi kulisikia, na hakuna aliyeliandika. Waliolitamka wamekufa wote kimya. Tunajua lilikuwako kwa sababu ya walioachwa nyuma."

Nilipopanda kufua siku hiyo nilizitazama sapatu za waridi kwa muda. Mfupi, nikahesabu moyoni. Mjaluo. Anapika chai na tangawizi. Mzee kamwita Eos. Nilikuwa nafanya kazi ya Dokta bila kutumwa.

Alinifundisha mengi mwaka ule, na mengi nimeyasahau, lakini mawili matatu yamekataa kutoka. Kuna siku alinipa habari za Afrodita, mungu wa mapenzi, akacheka mpaka nikamshika asianguke. "Wazungu wanamtafuta nyikani na farasi," alisema, "na huyu inaelekea alitoka upande wetu huku, mashariki. Huyu ni jirani yetu!" Nikacheka pia, kwa vile nilimwona ana fahari naye kabisa. Na kuna siku alinieleza habari za Dione. Dione alikuwa mke wa Zeus tangu huko walikotoka, jina lake ni lile lile la mumewe, ila limefanywa la kike. Lakini katika nchi mpya akaonekana Hera, ambaye mpaka leo wataalamu wanagombana jina lake limetoka wapi, na Hera akapewa nyumba. Dione akabaki mahali pamoja huko milimani, akiabudiwa na wachache, kisha akasahauliwa. "Alikosa nini?" nikauliza. Dokta akatafuta mkono wake mlegevu kwa ule mzima. "Hakukosa," alisema. "Nafasi ilikuwa moja."

Siku hizo dada yangu alinipigia simu, akasema, "Mghoi!" Nikageuka kutazama nyuma yangu kuona nani anaitwa. Nilikaa kitandani, chini ya lile doa, nikalia kwa hofu. Sikuwa nimepigwa, sikuwa na njaa. Niliogopa tu kwamba nitaondoka humo siku moja, na mwenzangu atakuja kuegemea ukutani na kupima doa langu.

Wakenya wa Riyadh tulikuwa na grupu letu kwenye simu, la kupeana moyo na umbea. Madam aliniruhusu simu siku ya Ijumaa mchana, wenyewe wakiwa wamelala baada ya chakula. Ijumaa moja nikafungua, nikakuta sauti ya mwanamke mtu mzima. Naikumbuka neno kwa neno. "Mimi naitwa Mama Amondi, niko Ahero. Natafuta msichana yangu Amondi. Alikuwa huko Riyadh, anaangalia mzee mgonjwa. Sasa simu yake imenyamaza. Hapa nyumbani watoto wanagonjeka, na wazee wanasema ni yeye, anasumbua kwa sababu hajalazwa. Wanataka kuzika yago. Mimi nimekataa. Kama kuna mtu amemwona, aniambie kitu moja tu. Anapumua?"

Msichana mmoja wa Siaya kwenye grupu akatueleza sisi tusiojua. Yago ni tunda la mti, refu na zito. Mtu wao akipotea na mwili usipatikane, wanalizika tunda hilo badala yake, kwa maombolezo yote, apate kutulia. Lakini likishazikwa limezikwa. Mwenyewe akitokea siku moja akiwa hai, haingii tena ndani ya boma, maana aliye ndani ya kaburi ndiye yeye. Sikushangaa sana. Sisi Wataita ambao babu zetu waliweka mafuvu ya wazee mapangoni hatuna uso wa kumshangaa mtu. Kilichonishtua ni maneno ya yule mama. Amondi, alisema yule wa Siaya, ni jina la Kijaluo la mtoto wa kike aliyezaliwa alfajiri. Mjaluo, Riyadh, na anaangalia mzee mgonjwa, kama wangu?

Nikaandika kwenye grupu, nani alimjua Mariam aliyefanya kazi Shumaisi kabla ya mwaka huu? Majibu yakamiminika. "Mimi ni Mariam wa Shumaisi." "Mimi pia." "Mimi Mariam wa Olaya, lakini nilianzia Shumaisi." "Dada, humu ndani nani si Mariam?" Wakaweka vicheko. Sikuweza kucheka. Nilikuwa nimetupa ndoana katika bwawa la Mariam, na aliyekuwa akitafutwa na mama yake hakuna aliyemjua hata mmoja.

Kesho yake asubuhi nilichemsha chai ikapanda juu mara mbili, nikampelekea Dokta. "Baba," nikamwambia, "Eos ni nani?"

"Alfajiri," akasema mara moja. "Wagiriki wanamwita Eos, Warumi Aurora, Wahindi wa kale Ushas. Msichana mmoja mwenye ikama tatu." Alikuwa mtu wa mzaha, na ikama, yaani kile kibali cha kuishi nchini, kila mtu wa nyumba ile alijua ilivyotukosesha usingizi sisi wageni. "Nilimwuliza jina lake la kwao, akaniambia ni la mtoto wa alfajiri. Basi nikamwita Eos. Mariam ni la jikoni."

"Amekwenda wapi?"

Akafikiri. Nilimwona akitembea ndani ya kichwa chake akijaribu milango. "Jeddah," alisema mwishowe. "Binti yangu mdogo alijifungua, wakamwazima. Asubuhi aliniamkia, mchana hayupo. Wakaniambia amerudi kwao Kenya. Lakini sikumsikia akiniaga. Mtu anayerudi kwao anaaga."

Na anachukua sapatu zake, nikawaza.

Nilimkabili madam jikoni. Alikuwa akipakua wali. "Madam, Mariam wa kwanza yuko wapi?"

"Mariam ni wewe."

"Yule mwingine."

"Mafi mwingine, hakuna mwingine," akasema. Akaanza kuurudisha sufuriani wali aliokwisha kuupakua. "Alikimbia nyumba ya dada yangu. Alitoka kutupa taka, hakurudi. Sisi hatukumfanya kitu. Halas, yamekwisha, Mariam. Funika wali."

Nilimwamini, na bado namwamini. Niliona kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, kwamba miezi yote ile alikuwa akiniita mimi huku akimwona yule. Ijumaa ilipofika nikamrekodia Mama Amondi yote, chai, salamu, Jeddah. Akanijibu papo hapo, "Sasa anapumua?" Nikamwambia, Mama, alipotoka nyumba ile alikuwa anatembea kwa miguu yake. Zaidi sijui. Akapeleka maneno yangu kwa wazee. Wazee wakasema salamu na chai si mtu, na watoto wanaendelea kuugua, na mwezi ukiandama yago litazikwa.

Nilimlalamikia Dokta kwa hasira iliyokuwa haimhusu. Nikamwambia wanataka kumzika Eos wakati hakuna aliyeona maiti. Sikujua kama ameshika ninachosema. Alinyoosha kidole, akachora tena nyota kwenye sinia iliyokuwa tupu. "Wanafunzi wangu walifanya kosa hilo hilo," alisema. "Wakiona nyota wanafikiri ni uongo, au ni kifo. Si hivyo. Nyota inasema hatujamsikia kwa masikio yetu." Akapumzika. "Watu wa kale walipoomba waliogopa kukosea jina. Mungu akiitwa vibaya hageuki. Basi waliyataja majina yote waliyoyajua, halafu wakaongeza, au kwa jina lolote upendalo kuitwa. Mwite hivyo." Nikamwuliza nimwite nikiwa wapi, mimi niliyefungiwa. Alikuwa amekwisha sinzia.

Mwezi ukaandama. Ijumaa iliyofuata nilifungua simu nikiwa najua. Sauti ya Mama Amondi ilikuwa kavu. "Wamezika. Nimetupa udongo kwa mkono yangu. Wamenikataza kutaja jina yake kama ya mtu hai, ati nitamwamsha. Lakini wewe, mtoto wa Taita, usiache kutafuta." Nilikaa na simu mapajani. Nilikuwa nimeshindwa, na sikuwa nimeonana na yule niliyeshindwa kumwokoa.

Likizo ya shule ilipofika, madam na mumewe wakaamua twende Jeddah kwa yule dada, mzee apate hewa ya bahari. Dereva wetu alikuwa Barasa, kijana wa Bungoma, mgeni kama mimi, mtu wa maneno mengi na roho safi. Siku ya pili madam alitutuma samaki, sisi wawili, na tukiwa ndani ya gari Barasa akasema, "Sista, tukimaliza tupitie mahali. Upande wa bandari kuna mathee anapikia maboi wa kwetu wanaofanya kazi huko. Chapati, ndengu, na chai original, ile ya tangawizi. Utasahau shida."

"Anaitwa nani?"

"Mariam. Kwani huku kuna jina lingine?"

Nilimwambia tuanzie huko, samaki watangoja. Kilikuwa chumba cha chini katika jengo lililochakaa, sehemu ambayo harufu ya mafuta ya meli inaingia mpaka kwenye mapazia. Sufuria mbili zilikuwa jikoni, na mwanamke mfupi mwenye nywele zilizosukwa kwa uzi mweusi alikuwa ametupa mgongo, akiisubiri chai ipande. Nilisimama mlangoni. Nikaita, "Amondi."

Hakugeuka. Akapunguza moto, akakoroga. Nikaita tena, kwa sauti zaidi, "Amondi wa Mama Amondi, wa Ahero." Hakuna. Nikaona nimekosea mtu, nikaona aibu, nikaona pia kwamba siwezi kuondoka. Basi nikafanya kama Dokta alivyosema. Nikataja Eos. Nikataja Mariam. Nikasema, "Au jina lolote unalopenda kuitwa, dada, geuka nikuone."

Aligeuka. Alikuwa analia tangu mara ya kwanza, na ndiyo maana hakugeuka.

"Nani alikupa hilo jina?" akaniuliza. Nikamwambia mimi ndiye Mariam wa baada yake. Nimelala kwenye kitanda chake na kuoga kando ya sapatu zake, na mzee bado anasema oyawore. Aliposikia habari za mzee akakaa chini. Akanieleza kwamba alipopelekwa Jeddah simu yake ilichukuliwa, na kwamba siku ya taka alikuta mlango wa nje wazi, miguu ikamtoa yenyewe. Mwaka mzima hakupiga simu kwao kwa sababu nambari ya mama ilikuwa ndani ya simu ile, na ya kichwani hakuwa nayo. Baadaye ni aibu iliyomzuia kutafuta njia nyingine. Alifikiri kwao wamemkasirikia. Alikuwa hajafikiri kwamba wamemlilia.

Ilinipasa mimi kumwambia. Sijapewa kazi ngumu kuliko hiyo, kumwambia mtu aliye hai, mwiko mkononi, kwamba amezikwa. Barasa alitoka nje, akajifanya kutazama magurudumu. Nilisema neno yago tu, na sikuhitaji kuongeza. Alinitazama, akatazama mikono yake pande zote mbili. "Lini?" akauliza. Mwezi ulipoandama, nikasema. Akacheka kicheko kidogo kibaya. "Kumbe. Siku zile nilikuwa na homa, nikaota nimejaa udongo mdomoni." Kisha akasema, "Basi Amondi amelala. Aliyebaki ni Mariam. Usinipigie simu hiyo."

Lakini nilikuwa nimekwisha kuipiga. Simu yangu, niliyorudishiwa na madam kwa safari ya sokoni, ilikuwa inalia mkononi mwangu. Mama Amondi akapokea, nami nikasema tu, "Mama, kuna mtu hapa," nikaiweka kwenye sauti kubwa, nikaisogeza karibu na jiko. Ng'ombe alisikika kwa mbali upande wa pili. Msichana alijiziba mdomo kwa aproni. Mama naye hakuweza kumwita. Jina moja alilokuwa nalo alikuwa amelifukia kwa mkono wake, na wazee walikuwa wamelifunga. Nilimsikia akivuta pumzi, akianza na kuacha. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kile, ili nami nisikie na nishuhudie:

"Wewe uko huko. Sijui wanakuita nani. Umekula?"

Na yule akaondoa aproni mdomoni, akasema, "Bado, Mama. Napika."

Samaki tuliwanunua tumechelewa, na madam alinigombeza mpaka jioni, na sikusikia hata neno. Asubuhi nilimpelekea Dokta chai, tumekaa kwenye baraza ya yule binti yake mwingine. Nikamwambia Eos yuko hai. Akaniuliza, kwa ukali wa mwalimu, "Umemsikia kwa masikio yako?" Nikasema ndiyo. "Basi ondoa nyota," akasema, akanywa chai yake yote. Alifariki kabla mkataba wangu haujaisha, na sikumaliza kumsikia. Nilipoondoka Riyadh nilimwambia madam jina langu mara ya mwisho. Akalirudia vizuri kabisa, akalia. Sikufuta doa la ukutani, la kwake wala la kwangu.

Amondi alirudi Kenya miaka kadhaa baada yangu, akaishi Mombasa, anapikia watu chakula, na majirani wote wanamjua kwa jina la Mariam. Mama yake alikuwa akipanda basi kumfuata huko mara moja kwa mwaka, na huko ndiko nilikouona uso wake ile mara moja. Ahero Amondi mwenyewe hakukanyaga mpaka mazishi haya. Jumamosi nilikwenda mimi. Boma lilijaa, na nyuma ya nyumba niliona kaburi jipya limechimbwa kando ya kaburi dogo la zamani lenye msalaba na jina. Sikulisoma kwa sauti. Baada ya mazishi, watu wakipakuliwa chakula, shangazi mmoja mzee alinijia akiwa na sahani iliyofunikwa, ugali na samaki wa kukaanga. Akaniambia marehemu aliacha neno moja: atakuja mtu asimame nje ya ua, upande wa barabara. Apelekewe sahani. Asiulizwe jina.

Nilimkuta amesimama palepale, viatu mkononi. Akapokea sahani, akakaa kwenye nyasi, akala polepole huku akilia, mpaka akalamba vidole. Aliponirudishia sahani ilikuwa nyeupe, haina punje.

"Rudi kaburini," akaniambia. "Mwambie nimekula."